Kompyuta ya Mwalimu Paschal Iliyokataa Kuwaka

Mteja mpya akifika kwa Nyanjige Mashimba, pale Somanda mjini Bariadi, kwanza humsalimia vizuri, halafu huchungulia nyuma yake kwenye chumba chenye meza ndefu, halafu huuliza, "Fundi nimemkuta?" Nyanjige hujibu kwamba amemkuta. Mteja husubiri. Naye husubiri. Katika miaka kumi na moja ya kazi yake hajawahi kuukatisha ukimya huo kwa maelezo. Hunyoosha mikono akapokea kilicholetwa, akakiweka mezani, akaanza kuuliza maswali, na kufikia swali la tatu mteja huwa ameshavuta kiti akaketi.

Alizaliwa Lalago katika nyumba ya pamba na ng'ombe, mtoto wa tatu kati ya saba. Alipomaliza kidato cha nne shangazi yake alimchukua Mwanza, akamtafutia kazi ya kuchapa barua kwenye duka la steshenari. Kompyuta zilikuwa mbili, na moja haikupita mwezi bila kuugua. Fundi wa pale alikuwa mtu wa kesho. Ukimsubiri kesho yake, unamwona wiki ijayo. Siku ya tano ya kumsubiri, Nyanjige aliazima bisibisi kwa mshona nguo wa jirani, akaifungua mashine, akaona waya mmoja umechomoka mahali ambapo hata mtoto angejua umechomoka. Akaurudisha. Mashine ikawaka. Kwa siku mbili hakumwambia mtu, kwa hofu ya kufukuzwa kazi. Mwenye duka alipojua, hakumfukuza. Alimlipia kozi ya jioni ya ufundi wa kompyuta, naye fundi wa kesho hakuitwa tena.

Simiyu ilipofanywa mkoa, ofisi zikafunguliwa Bariadi na kule Lagangabilili, na kila ofisi ilikuja na kompyuta zake. Nyanjige alikuwa ameshaolewa na Thomasi, muuza dawa za mifugo, mtu wa maneno machache. Alimwambia mumewe kwamba kompyuta zote zile lazima siku moja zitakataa kuwaka. Thomasi alifikiri kidogo, akasema, "Basi turudi nyumbani." Wakarudi.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mavuno ya pamba yakiwa yamepamba moto, simu yake iliita kabla hajamaliza chai. Aliyepiga alijitambulisha kwa jina kamili, kama anaita mahudhurio darasani: Mwalimu Paschal Bundala, mstaafu, mkazi wa huko huko Somanda upande wa juu.

"Kompyuta yangu imekufa," alisema. "Nimeambiwa nisiihangaikie tena. Lakini mtu mmoja wa ofisi ya elimu amenipa namba hii. Sijui fundi atapata nafasi ya kuja?"

"Anakuja sasa hivi, mwalimu," Nyanjige alijibu, akafunga mkoba wake wa vifaa.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na uani pamba ilitandazwa juu ya turubai. Mwalimu alimpokea mlangoni. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwangaluka, mayu," mwalimu aliongeza salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Fundi yuko nyuma?"

"Fundi ni mimi."

Mwalimu alimtazama, kisha akasogea pembeni ampishe. Hilo lilimpendeza Nyanjige. Wengi hutaka kwanza kujua amesomea wapi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kidogo, na nusu yake ilikuwa magunia ya pamba yaliyopangwa hadi karibu na dari, yakisubiri siku ya mzani kwenye chama cha msingi cha ushirika. Meza ilikuwa chini ya dirisha. Juu yake kulikuwa na monita, kibodi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kusuka, na marundo ya madaftari ya mahudhurio yaliyoliwa na mchwa, mengine yamebaki nusu ukurasa. Sipiyu yenyewe, lile sanduku jeusi, ilikuwa sakafuni kati ya mguu wa meza na gunia la kwanza.

Mwalimu alieleza kwa utaratibu. Alifundisha miaka thelathini na minne katika shule moja ya msingi kule Lalago, si ile aliyosoma Nyanjige. Alipokuwa anakaribia kustaafu, mchwa waliingia stoo ya shule wakaanza kula madaftari ya majina, ya tangu shule ilipofunguliwa mwaka 1962. Aliomba ruhusa, akayachukua yaliyosalia, na baadaye sana binti yake Flora aliyeko Dodoma akamnunulia kompyuta. Kwa miaka minne amekuwa akichapa jina baada ya jina: mtoto, mzazi, kijiji, darasa, nafasi darasani, na kilichoandikwa kwenye safu ya mwisho. Majina elfu sita na kitu. Madaftari mengine yalishapukutika mikononi mwake alipomaliza kuyanakili, kwa hiyo majina yaliyokuwamo hayapo popote duniani ila ndani ya sanduku lile. Jumamosi, keshokutwa, waliosoma pale wanakutana shuleni. Orodha ilikuwa isomwe na kubandikwa ukutani.

"Nakala nyingine iko wapi?" Nyanjige aliuliza.

Mwalimu alijikohoza. "Haipo. Niliwahi kupeleka flashi steshenari, ikarudi na virusi. Nikaapa sitaingiza kitu tena kwenye mashine hii."

"Na ilianzaje kukataa?"

"Ghafla tu. Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikabonyeza, ikawaka kidogo, ikazimika. Nikabonyeza tena na tena. Kijana mmoja fundi akaichukua, akakaa nayo siku mbili, akairudisha akasema bodi kuu imeungua na kila kitu kimekwenda nayo."

Mke wa mwalimu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono ameifunga kifuani. Ni mama wa makamo mwenye uso wa upole, anaitwa Nyamizi, lakini mtaa mzima unamwita Mama Flora. Alikuwa amesalimia kwa sauti ya chini na tangu hapo hakusema neno. Nyanjige alimgeukia.

"Na wewe, mama, uliona nini?"

Nyamizi alishtuka kidogo, kana kwamba hakutegemea kuulizwa. Akamtazama mumewe, kisha akatazama magunia.

"Haikuanza ghafla," alisema polepole. "Ilianza kuvuma. Nikiwa jikoni naisikia, inavuma kama mashine ya kusaga, kisha kimya. Baba Flora anaiwasha tena. Inavuma, kimya. Hivyo kama wiki mbili. Ilianza tulipoingiza pamba."

"Hukuniambia," mwalimu alisema.

"Uliniambia chumba hiki kisiwekwe pamba. Nikaweka. Ningeanzaje kukwambia?"

Ukapita ukimya ambao Nyanjige aliujua. Ni ule unaokuwapo nyumbani kwa watu wakati kitu kimeharibika na kila mmoja ameshaamua kimoyomoyo nani alaumiwe. Mama huyu alikuwa ameubeba mzigo huo peke yake siku kumi, akipika na kutandaza pamba, akiamini kwamba ameua kazi ya miaka minne ya mumewe. Nyanjige alifungua mkoba wake. "Mama, umenisaidia sana," alisema. "Hiyo sauti ndiyo nilikuwa naitafuta."

Alianza na vilivyo nje, kama kawaida yake. Alichomeka taa ya meza kwenye soketi, ikawaka, umeme upo. Akabadilisha waya wa umeme kwa wa kwake. Akaiwasha monita peke yake, ikaonyesha maandishi madogo kwamba haipokei kitu, monita nzima. Ndipo akabonyeza kitufe cha sipiyu. Taa ya kijani ikawaka, feni ikazunguka, na kutoka ndani vikasikika vilio vifupi vikijirudia, pi, pi, pi. Kioo kikabaki cheusi.

"Unasikia?" alimuuliza mwalimu.

"Inalia. Tangu ilivyotoka kwa yule kijana inalia hivyo. Zamani ilikuwa hailii."

"Bodi iliyoungua hailii, mwalimu. Hii inasema kuna kitu ndani hakijakaa sawa. Nami nafikiri nakijua."

Mwalimu alivuta kiti akaketi.

Nyanjige alichomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe tena mashine ikiwa haina kitu ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha sanduku kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Alilinyanyua hadi mezani, akafungua skrubu mbili za nyuma, akavuta kifuniko cha ubavuni.

Ndani kulikuwa kweupe. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeingia kupitia matundu ya mbele, zikajikusanya kuzunguka feni, zikajisuka na vumbi hadi zikawa kama kipande cha blanketi. Chini ya feni, yale mabapa ya chuma yanayopoza moyo wa kompyuta hayakuonekana kabisa.

Nyamizi alisogea, akaona, akarudi nyuma hatua moja. Mwalimu naye aliona. Alifungua mdomo, na Nyanjige akaanza kuongea kabla yake, bila haraka na bila kupandisha sauti.

"Sikilizeni wote wawili. Pamba imeziba feni, ni kweli. Mashine ikashindwa kupumua, ikapata joto, na ilipoona joto limezidi ikajizima yenyewe isiungue. Imetengenezwa hivyo. Ingekuwa haijizimi, hapo ningekuwa na habari mbaya. Pia mashine hii ilikuwa sakafuni, na sakafuni ndiko nyuzi zinakotambaa. Ingekaa juu ya meza, magunia haya yasingeifanya kitu kikubwa."

"Sakafuni niliiweka mimi," mwalimu alisema baada ya kitambo. "Nilitaka nafasi ya madaftari."

"Basi mmesaidiana," Nyanjige alisema.

Nyamizi alicheka kidogo kupitia puani, kicheko ambacho bado hakijajiamini. Mumewe alimtazama. Akamwambia kwa Kisukuma amletee fundi maji ya kunywa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Kazi ilichukua saa nzima. Nyanjige alizishika mbawa za feni kwa kidole zisizunguke, akatoa pamba kwa brashi ya kupakia rangi na kwa koleo ndogo. Akafungua chuma cha kupozea, akakipeleka uani na kukipuliza kwa pampu ya baiskeli. Wingu la vumbi likatoka. Mafuta mazito yaliyokuwa kati ya chuma kile na moyo wa kompyuta yalikuwa yamekauka kama udongo wa kiangazi. Aliyafuta, akaweka mapya kidogo, ukubwa wa punje ya mchele.

Kisha akafika pale alipopataka. Yale mabapa mawili membamba ya kumbukumbu, mafundi wanayaita ramu, yalikuwa kwenye nafasi zake, lakini moja lilikuwa limeingia upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa juu kidogo, unene wa ukucha. Alimwita mwalimu aone.

"Yule kijana aliyatoa, na wakati wa kuyarudisha hakuyakandamiza hadi yakalia. Yasipokaa vizuri kompyuta haina pa kufikiria. Ndiyo maana inalia."

Alichukua kifutio cha kawaida, akasugua meno ya shaba ya kila bapa taratibu hadi yakang'aa, akafuta kwa kitambaa kikavu, akayarudisha. La kwanza likalia, kat. La pili, kat. Akafunga chuma, akafunga feni, akachomeka umeme.

"Mwalimu, bonyeza wewe."

Mwalimu alisimama ili abonyeze. Taa ikawaka, feni ikazunguka kwa sauti laini. Hakuna kilio. Kioo kikabaki cheusi. Wakasubiri. Kikabaki cheusi.

Nyamizi aliweka kikombe cha maji mezani bila kelele. Mwalimu aliketi tena, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mzee.

Nyanjige hakuwa na hofu. Alipokuwa mgeni katika kazi, wakati kama huu angeanza kuchomoa kila kitu na kuchomeka upya. Siku hizi huweka mikono mapajani akafikiri. Mashine hii ilikuwa inalia kabla hajaigusa, sasa hailii wala haifanyi kitu. Kwa hiyo kilichobadilika amekibadilisha yeye. Ametoa nini? Pamba, ramu, feni, chuma. Na ili chuma kitoke alisogeza nini? Aliinama na tochi ya simu. Nyuma ya chuma, karibu na kona, waya mfupi wenye kichwa cha matundu manne ulikuwa unaning'inia. Ndio unaopeleka umeme kwenye moyo wa kompyuta.

"Hili ni kosa langu," alisema. "Nimeuchomoa nikasahau kuurudisha."

"Fundi naye anasahau?" Nyamizi aliuliza.

"Anasahau, mama. Tofauti ni kwamba anajua pa kutafuta."

Akauchomeka. Mwalimu alibonyeza mara ya pili, na safari hii kilisikika kilio kimoja kifupi, kisha kioo kikawaka kwa maandishi meupe. Mwalimu alisoma kwa sauti, akitafsiri kadiri alivyoweza: saa si sahihi, tarehe ni ya mwaka 2009.

"Betri ndogo ya saa imekwisha," Nyanjige alisema, na alikuwa ameshaitoa hiyo ya duara, ukubwa wa sarafu, na kuchomeka mpya kutoka mkobani. Akarekebisha tarehe. Akawasha tena. Maandishi mengine yakaja, mstari mmoja tu, na huu mwalimu aliuelewa vizuri kuliko alivyotaka: mashine haioni diski ya kuanzia.

"Diski ndiyo yenye majina?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi yamekwenda."

"Subiri kwanza." Nyanjige alikuwa ameshaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa inatetemeka kidogo, mtetemo wa kitu kinachozunguka bila kukwaruza. Diski iliyokufa haina mtetemo wa aina hiyo. Akazunguka nyuma ya sanduku, akapapasa matundu yote kwa kidole. Kwenye tundu la chini kabisa kulikuwa na kiflashi kidogo cheusi kilichozama hadi hakionekani. Akakichomoa, akakiinua.

"Hiki si changu," mwalimu alisema.

"Kitakuwa cha yule kijana, alikitumia kwenye kujaribu. Betri ilipokwisha mashine ikasahau mpangilio wake, ikawa inajaribu kuanzia kwenye hiki. Na humu hamna cha kuanzia."

Mara ya nne mwalimu hakubonyeza. Alimwambia mkewe abonyeze yeye. Nyamizi alifuta mikono kwenye kanga, akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kioo kikawaka, ukapita weusi mfupi, kisha ikatokea picha ya Flora siku ya mahafali yake Dodoma, na juu ya bega lake folda moja ya njano iliyoandikwa MAJINA YA SHULE.

Mwalimu alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa, akaitoa tena. Nyamizi alikaa juu ya gunia la pamba.

"Tujaribu kama faili ni zima," Nyanjige alisema. "Nitajie jina lolote."

"Taja wewe, fundi. Una ndugu Lalago?"

Alifikiri. Mama yake alikuwa akiwaambia siku zote kwamba alisoma, na wanawe walikuwa wakimtania, kwa sababu hawakuwahi kumwona akisoma kitu zaidi ya namba za basi. Aliandika kwenye nafasi ya kutafuta: Monika Maduhu. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikaruka kurasa nyingi, ikasimama.

Monika Maduhu. Darasa la pili, 1971. Nafasi ya nne kati ya wanafunzi thelathini na wanane. Safu ya mwisho ilisema: Ameacha. Anachunga ng'ombe wa baba yake.

Nyanjige alisoma mstari ule mara mbili. "Wa nne," alisema.

"Ni nani kwako?"

"Mama yangu mzazi."

"Bado yupo?"

"Yupo, mwalimu. Ana nguvu zake."

"Basi Jumamosi aje," mwalimu alisema. "Mwambie jina lake litasomwa, na nafasi yake itasomwa."

Nyanjige alitoa simu akapiga picha kioo, mstari ule peke yake. Kisha akavuta pumzi akarudi kazini, kwa kuwa majina elfu sita yalikuwa bado mahali pamoja. Alitoa flashi mbili mpya mkobani, akanakili folda kwenye kila moja. Ya kwanza alimpa mwalimu, ya pili akamkabidhi Nyamizi mkononi.

"Hii ikae na wewe, mama, kabatini kwako, mbali na hiyo nyingine. Na nakala ya tatu tumtumie Flora kwenye simu yake sasa hivi, ikae Dodoma."

Nyamizi aliifunga flashi kwenye pindo la kanga. "Na pamba?" aliuliza.

"Pamba ibaki. Siku ya mzani si mbali. Sipiyu ipande mezani, na hapa mbele muifunike kwa kitambaa chepesi mkiwa hamuitumii."

"Madaftari nitayahamishia chumbani," mwalimu alisema, na hakuna aliyembishia.

Ilibaki kufunga kifuniko. Nyanjige alikishika, kisha akamnyooshea mwalimu bisibisi.

"Miezi mitatu kutoka leo utaifungua na kuipangusa mwenyewe. Kwa hiyo tuanze leo. Nionyeshe ramu iko wapi."

Mwalimu Paschal alisogea kwenye mwanga wa dirisha, akainama juu ya mashine yake iliyo wazi, akatafuta kwa kidole bila kugusa. "Hii hapa."

"Na inayopoza?"

"Hii, chini ya feni."

"Na ule waya niliousahau?"

Alichukua muda. Nyamizi alinyanyuka kwenye gunia, akachungulia chini ya mkono wa mumewe, akaonyesha. "Ule pale kwenye kona," alisema.

"Sahihi," Nyanjige alisema, na mwalimu akarudisha kifuniko, akaweka skrubu ya kwanza kwenye tundu lake, akaanza kuikaza polepole.